Kitabu cha Tatu Kilichotuangusha

Juzi binti yangu alikitupa kitabu kitandani, akatoka chumbani amenuna. Alikuwa amekingoja kwa miezi, na sasa alikuja jikoni nilipokuwa nikichambua mchele, akasimama mlangoni kama aliyeibiwa. "Mama, wamekiharibu," akasema. "Viwili vya mwanzo vilikuwa vitamu. Hiki cha tatu hata sijui kimeandikwa na nani." Nilitaka kumpoza lakini nikajikuta nacheka, na kicheko hicho kikanirudisha Mambrui, uani kwa bibi yangu mzaa mama, nilipokuwa na miaka kumi na mitatu. Kaa nikusimulie, rafiki yangu, maana mimi pia niliwahi kuangushwa na kitabu cha tatu, na mpaka leo nakishukuru.

Mimi na mama tulikaa Malindi mjini, vyumba viwili karibu na mtaa wa Kisumu Ndogo. Shule ikifungwa tu nilivushwa mto Sabaki, nikapelekwa kwa bibi. Mama alisema ni ili nisizurure; mimi nilijua ni ili bibi asikae peke yake. Mjomba wangu, mwanawe wa kiume wa pekee, alikuwa amekwenda Arabuni kufanya kazi ya udereva nilipokuwa mdogo sana. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Ijumaa. Kisha simu zikakatika, nambari ikawa haipatikani, na kila aliyerudi kutoka huko aliulizwa akasema hajamwona. Bibi hakulia mbele ya watu. Ila kila mvua za masika zikiisha alizitoa nguo za mjomba sandukuni, akazifua, akazianika, akazifukiza udi, akazirudisha. Hakuna aliyethubutu kumwuliza kitu.

Asubuhi kazi zangu zilikuwa kuteka maji, kufagia ua na kukuna nazi ya mbaazi. Bibi alitia iliki nyingi kwenye mahamri, hata vidole vyangu vilinukia mpaka mchana. Baada ya adhuhuri alikaa jamvini kusuka ukili wa mikeka pamoja na jirani yetu, mama wa Kigiriama aliyehamia kutoka upande wa Magarini, mwenye kicheko cha kusikika mpaka msikitini. Mimi nilijilaza kando yao na kitabu.

Vitabu vilitoka kwa mwenye duka la vitambaa mjini, Mhindi mpole ambaye mama alimshonea nguo. Binti yake alikuwa akisoma ng'ambo, na vitabu alivyovimaliza alivirudisha nyumbani. Siku moja mwenye duka aliniona nikisoma kipande cha gazeti kilichofungiwa vitambaa, akaniuliza kama ningependa kitu kirefu zaidi. Sharti lake lilikuwa moja: kitabu kirudi bila doa la mchuzi.

Cha kwanza kilihusu mji wa siku zijazo uliozungushiwa ukuta, wenye kisima kimoja, watu wakigawiwa maji kwa kengele. Mtoto akitimiza miaka kumi na minne alinyang'anywa jina lake akapewa tarakimu. Msichana mmoja anakataa. Walinzi wanamchukua mdogo wake wa kiume, naye anaapa kumtafuta. Kilikuwa cha Kiingereza. Bibi aliponiona nimekiinamia tangu asubuhi aliniambia, "Kama ni kitamu hivyo, mbona unakila peke yako?" Basi nikaanza kuwasimulia kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, nao wakisuka.

Sijapata tena wasikilizaji kama wale. "Huo mji hauna kadhi?" bibi aliuliza. "Watu wazima wako wapi, watoto wakiteswa hivyo?" Jirani alimchukia mkuu wa walinzi kama vile alikuwa mtu wa mtaani, kila akitajwa alimlaani kwa Kigiriama, kisha akatuomba radhi. Na kila nilipofunga kitabu, bibi alimwombea yule msichana Mungu amfungulie njia. Nilimkumbusha kwamba ni hadithi tu. "Hata kama," akajibu.

Kitabu cha pili, likizo iliyofuata, kilikuwa kizuri kupita cha kwanza. Kiliishia msichana amesimama mbele ya mlango wa chuma, na nyuma ya mlango huo anaisikia sauti ya mdogo wake. Basi, mwisho. Tulingoja karibu mwaka mzima. Kila mtu aliyekwenda mjini kutoka Mambrui alipewa ujumbe aniletee: "Mwulize, mlango umefunguliwa?"

Kilipofika cha tatu sikuweza kungoja, nikakisoma peke yangu Malindi kwa siku mbili. Ee, rafiki yangu! Sura baada ya sura ilikuwa mikutano. Msichana aliyepanda ukuta kwa mikono mitupu sasa alikuwa amejifungia katika chumba cha chini ya ardhi, akishindwa kuamua ampende kijana gani kati ya wawili. Mkuu wa walinzi alitubu bila sababu. Na yule mdogo wake? Mlango unafunguka, anainua uso, na kabla hajasema neno bomu linalipuka. Amekufa. Mistari miwili. Sura inayofuata inaanza na mkutano mwingine.

Nililia kwa hasira. Kisha hasira ikaondoka, hofu ikaja: bibi nitamwambia nini?

Nilifika Mambrui mchana, ua umeshafagiwa, jamvi limetandikwa, jirani ameshakaa. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu. Haya, mlango?"

Nikakifungua kitabu, nikadanganya. Nikasema mlango ulifunguka, naye akamkuta mdogo wake ameketi sakafuni, amekonda, amerefuka, lakini mzima. Jirani akapiga vigelegele. Bibi akauweka ukili chini, akajifunika uso kwa ncha ya kanga.

Siku kumi nilitunga kitabu changu mwenyewe. Niligeuza kurasa kila baada ya muda ili nisishukiwe. Niliwatoa wale ndugu wawili nje ya ukuta, nikawavusha jangwa, nikawapa punda. Usiku wa kulala chini ya miti niliuruka, kwa kuwa bibi aliogopa nyoka. Sitakuficha, nilijivuna.

Siku ya kumi na moja mwenye duka la vitambaa alikuja kuchukua mikeka aliyoagiza. Akakaribishwa chai ya tangawizi. Akakiona kitabu jamvini, uso ukamchangamka. "Mmekimaliza? Binti yangu alikasirika sana. Kumwua yule mtoto namna ile, bure bure!"

Jirani alinitazama, akamtazama bibi. Yule bwana alijua amekosea ijapokuwa hakujua wapi. Alimeza chai yake ya moto, akaaga, akaondoka na mikeka yake.

"Nisomee kama kilivyoandikwa," bibi akasema.

Nikamsomea ile mistari miwili. Akataka niirudie. Nikairudia.

"Kisha?"

"Kisha wanafanya mkutano."

"Nani alimwosha?"

"Hakikusema, bibi."

"Alizikwa wapi?"

"Hakikusema."

"Na dada yake hakumlilia?"

"Hakumlilia."

"Aliyeandika hana adabu," bibi akasema.

Nikapiga magoti. "Nisamehe bibi. Sikutaka usikie kwamba..."

"Najua hukutaka nisikie nini." Sauti yake haikuwa na ukali. "Mama yako hufanya hivyo hivyo. Na wewe jirani yangu, pia. Mtu akiitaja Arabuni, nyote mwabadili maneno, mwaniuliza habari za mikeka. Miaka minane sasa. Mwadhani mwaniondolea uzito, kumbe mwaniacha niubebe peke yangu." Jirani alikuwa ameshaanza kulia. Bibi akaushika mkono wake. "Sijui kama mwanangu yu hai. Lakini siwezi kumwacha namna hii, mistari miwili kisha watu waendelee na mambo yao."

Wiki ile ile aliita watu. Mwalimu wa madrasa alikuja na wanafunzi wake, ikasomwa hitma, kisomo cha Kurani, uani. Mwalimu aliuliza dua iombwe vipi, maana haikujulikana kama mjomba ni hai au amekufa. Bibi mwenyewe akampa maneno: akiwa hai, Mola amlinde amrudishe, akiwa ametangulia, amrehemu, alipanue kaburi lake popote lilipo. Nilisikia wanaume wazima wakiitikia amina kwa sauti za kukatika. Jirani, ambaye Jumapili huenda kanisani, alikuwa amefika alfajiri na kuni kichwani, akasimamia sufuria ya pilau mpaka wa mwisho akala.

Na baada ya dua watu wakaanza kumzungumza. Kila mtu alikuwa na lake. Nikajua mjomba alikuwa mwoga wa kuku. Nikajua aliwahi kuanguka kisimani akiwa amevaa kanzu mpya ya Idi, na alichouliza alipotolewa ni kama kanzu itakauka kabla ya baba yake kurudi. Mama alikuwa amekuja kutoka mjini. Alicheka mpaka akalia, kisha akalia kweli, na bibi akampakata kichwa kama mtoto. Miaka yote mimi nilimjua mjomba kama kitu cha kunyamaziwa. Siku ile nilimpata mjomba.

Hakurudi, wala habari zake hazikuja. Bibi aliishi miaka kadhaa baadaye, akimtaja kila siku, akimcheka, akimgombeza. Nguo zake aliwagawia wanafunzi wa madrasa, akabakisha shati moja.

Ua ule sasa umejengwa vyumba vya kupangisha. Jirani alirudi Magarini kwa wanawe, na mikeka ya nyumba nyingi ni ya plastiki. Pale palipokuwa duka la vitambaa wanatengeneza simu. Zile alasiri za kazi ya mikono, watu watatu wakifuata sauti moja, sijaziona popote tena, wala siwezi kumlaumu binti yangu kwa kitu ambacho hajawahi kukionja. Nawashukuru wote: bibi aliyedai sehemu yake ya hadithi, jirani na kuni zake, yule bwana ambaye ulimi wake uliteleza, na hata mwandishi yule ambaye, kwa uvivu wake, alimwacha mtoto bila maziko.

Likizo ile ilipoisha, siku niliyokuwa nikirudi mjini, bibi aliniona nakifunga kitabu kwenye kitambaa safi nikirudishe.

"Cha nne kipo?" akaniuliza.

"Hakuna bibi. Hadithi imekwisha."

"Alhamdulillahi," akasema, akanituma nikateke maji.