Mvua ya Kesho na Basi la Habaswein

Wiki jana nilikuwa Garissa, kwenye kaunta ya tiketi, nikingoja basi la Habaswein. Kando yangu msichana wa darasa la nane alikuwa akipitia karatasi ya majaribio ya Kiswahili, akimsomea babake mfugaji kwa sauti: "Kesho mvua…" Majibu yalikuwa manne: ilinyesha, itanyesha, imenyesha, hunyesha.

"Itanyesha," nikadakia, maana mdomo wangu haujui kutulia.

Msichana akatia alama. Mzee akainua kidole juu. "Itanyesha? Bila inshallah? Nani amekuambia?"

"Aabo, inshallah haiko kwa majibu," msichana akamwambia babake.

"Basi majibu yote ni makosa."

Nikamwambia mzee kwamba mtoto atapoteza alama. Akacheka, akamgeukia karani. "Na hii basi itaondoka saa ngapi?"

"Itaondoka saa nane kamili," karani akajibu, bila inshallah. Abiria wakatazamana.

Saa kumi na moja tulikuwa bado tumekalia magunia, karani keshafunga dirisha. Msichana alinitazama, akatoa kifutio, akafuta jibu langu taratibu.

Lau watunga mitihani wangekaa nasi juu ya magunia yale, leo kungekuwa na jibu la tano.