Kuosha Mara ya Pili

Mwalimu wangu wa chuo alinipa likizo moja tu: nirudi na hesabu zinazokubali kwamba plastiki yetu ina aina mbili za minyororo, au nisahau shahada. Nilifika nyumbani Mbinga nimenuna.

Plastiki yenyewe ilitoka kwenye karai la mama. Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, makarai ya rangi yalijaa hadi kijijini kwetu Kitura, na la mama likapasuka msimu wa kwanza. Nikabeba kipande hadi maabara nijue kwa nini. Plastiki ni minyororo ya molekuli, mirefu kwa mifupi. Unaiyeyusha, kisha unapunguza nguvu ya kiyeyusho kidogo kidogo. Mirefu inazama kwanza, mifupi mwisho, na kila fungu unalipima. Grafu ikatoa vilima viwili.

"Aina mbili, binti. Andika hivyo," Mwalimu alisema.

Mimi niliona vilima vile vimezaliwa na hesabu yake, iliyochukulia kila fungu kuwa safi. Ushahidi sikuwa nao.

Siku moja tukawa mtoni na mama, tunaosha kahawa. Wanunuzi binafsi walikuwa wanapita na malori, wanabeba chafu na safi pamoja. Nzito zikazama, nyepesi zikaelea, nami nikainua ndoo nizimwage zilizoelea.

"We! Unamwaga nini?" Mama alinipiga kofi mkononi. "Humo kuna nzima zimebebwa na hizo nyepesi. Osha tena."

"Mama, wale watu wanachanganya tu."

"Wachanganye wao. Mimi sichanganyi."

Nikaosha tena. Zikazama konzi mbili za kahawa nzima. Lo! Nilicheka peke yangu mpaka mama akaniuliza kama naumwa.

Niliporudi maabara nikachukua kila fungu, nikalitenganisha upya. Mirefu ilikuwa imezama na mifupi mgongoni, kila fungu. Nikaingiza mchanganyiko huo kwenye milinganyo: kilima kimoja kipana, basi. Karai lilikuwa na aina moja tu, mifupi imezidi, ndiyo maana likapasuka.

Mwalimu alikagua wiki nzima, akakubali shingo upande. Ila mstari mmoja wa tasnifu yangu aliukata kwa wino mwekundu: "Kutenganisha mara ya pili nilifundishwa na mama yangu, mkulima wa kahawa."

"Huu si utaalamu. Uondoe, nisaini sasa hivi."

"Hautoki, Mwalimu."

"Unajua unachokikataa?"

"Najua. Hata vilima viwili nilivikataa."

Nikavuta kiti nikakaa. Alisaini jioni, mlinzi akiwa mlangoni na funguo, na mama yangu akiwa ndani ya ukurasa.