Kilima Kile Kile

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa. Mwaka ule mwalimu wa hesabu alihama Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa, direkta wa shule akanitwika darasa lake, nami kwa kiburi nikakubali. Nilikariri kitabu: ukitaka pente, yaani mteremko wa mstari, chukua nukta ya pili utoe ya kwanza, kisha ugawanye tofauti ya wima kwa ya mlalo.

Siku moja nilimwita ubaoni msichana mmoja wa kijiji cha Gatete. Nukta zilikuwa (2, 3) na (6, 11). Yeye akaanza kinyume: tatu toa kumi na moja, hasi nane, mbili toa sita, hasi nne. Akagawanya, akaandika mbili.

"Umegeuza!" nikafoka. "Sifuri." Nikaiandika katika daftari lake.

"Lakini mwalimu, ukipima kilima kutoka ziwani au kutoka juu, si ni kilima kile kile?"

Darasa zima likanitazama. "Hapa tunasoma hesabu, hatuchungi mbuzi. Kaa!" Wakacheka, nami nikafurahia kicheko chao.

Jioni nyumbani niliijaribu njia yake, ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, vikipoa mezani. Hasi gawa kwa hasi, chanya. Mbili. Nikarudia kwa nukta nyingine, nikiomba nimkute amekosea. Hakukosea hata mara moja.

Kesho yake nilifuta ile sifuri katika daftari lake, nikaandika kumi, nikamrudishia bila neno. Alisema "murakoze", asante, akitazama chini.

Nilimfokea mbele ya wenzake wote, kisha nikamwomba radhi kwa kalamu. Hakunyoosha mkono tena mwaka ule, nami nilijifanya sijui kwa nini.