Herufi Nane za Anthelme

Mtaani kwetu Croix-Rousse, huku juu ya mji wa Lyon, Anthelme Perrachon alikuwa fundi wa kuandika mabango. Alifanya kazi safi miaka yote, lakini watu walikumbuka bango moja tu.

Barberot, mwenye hema la picha zinazotembea, alimletea ubao uliowahi kumtangaza mwanamke mwenye ndevu. Alitaka neno la herufi kumi na nne: CINÉMATOGRAPHE. Anthelme alipenda herufi nono. Alipomaliza ya sita, ubao ukaisha, na bango likasomeka CINÉMA, yaani sinema.

"Kesho nitaunga ubao mwingine," alisema.

"Wa nini? Foleni imefika kwa muuza mkate, na wote wanaulizia sinema. Ukiugusa ubao wangu tutakosana."

Sisemi neno hilo fupi lilizaliwa kwetu. Mafundi wa kulipua kazi walikuwepo kila mji, na ndimi za uvivu zaidi. Lakini Anthelme aliona aibu yote ni yake. Akaapa hatalitamka likiwa limekatwa, wala hataingia kutazama picha mpaka watu waliseme zima. Na kumbe aliyelitunga neno zima, huko Paris, aliacha hati yake ya uvumbuzi ikaisha muda, wengine wakalibeba. Mwenye mali amelala, jirani anakesha na rungu.

Aliyeumia ni mkewe, Benoîte. Miaka ishirini alikwenda sinema kila Jumapili na dada yake. Dada alipofariki akaacha, akawa anakaa dirishani, kofia kichwani. Anthelme akaingiwa na huruma. Nilikuwa uani, nikasikia yote.

"Benoîte, twende sinematografu."

Masikio ya bibi, tulivyojua, yalikuwa yamezeeka. "Twende wapi?"

"Sinematografu, mke wangu."

"Kaburini? Si tulikwenda juzi?"

"Si-ne-ma-to-gra-fu!"

"Kaburi sitaki. Hata maua hayajanyauka."

 Anthelme akapaza sauti, mtaa mzima ukasikia: "Sinema, Benoîte! Twende sinema!"

Madirisha yakafunguka. Muuza mkate akapiga makofi.

Benoîte akasimama, akamfunga skafu shingoni. "Si ungesema tangu zamani. Miaka ishirini hiyo, mume wangu."

Mzee alishuka ngazi ameinamisha kichwa, mkono wake umeshikwa. Walipopita karibu yangu nilinong'ona, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "Picha njema, bibi."

"Ahsante, jirani," akajibu bila kugeuka.