Jumapili Ambayo Stelingi Alikufa Mapema

Saa tisa alasiri, Jumapili, mtaa wa Nyakabanda, Kigali. Béatha Mukunde anafanya ishara ya msalaba, anajaribu kipaza sauti kwa kukipuliza, kisha anabonyeza rimoti. Kwenye ukuta uliopakwa chokaa, daraja refu la mji wa Seoul linawaka moto. Mwanamume mwenye mkono wa chuma anatokea ndani ya moshi.

"Huyu mnayemwona ni Mutsinzi," anasema Béatha. "Ni polisi. Kampuni ya madaktari imemteka mdogo wake wa kike. Huyu ndiye stelingi wetu, mkae mkijua."

Ukumbi unapiga makofi. Kwenye mabenchi haya stelingi ni mtu mkuu wa filamu, na hata mtoto anajua kwamba stelingi hafi.

Jina halisi la polisi huyo ni la Kikorea. Béatha hulibadilisha kabla ya kuanza, kwa sababu watu hawawezi kumlilia mtu ambaye jina lake linawashinda kutamka. Muuaji humpa jina ambalo hakuna jirani analo, ili asigombane na mtu.

Béatha, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, ni msimulizi wa filamu. Kigali kazi hii inajulikana sana, na filamu zilizosimuliwa huitwa agasobanuye. Wasimulizi wengi hutumia Kinyarwanda na hurekodi sauti zao studio. Yeye husimulia kwa Kiswahili, papo hapo, mbele ya watu.

Wateja wake ni wale waliokulia Burundi kama yeye, Wakongo, mafundi wa pikipiki, na wachuuzi wanaopanda basi kutoka Kabuga baada ya misa. Alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya mtaani na Kinyarwanda lugha ya jioni, baba akirudi nyumbani.

Kikorea hajui hata salamu. Husoma maandishi ya Kifaransa yanayopita chini ya picha, na yaliyobaki huyasoma kwenye nyuso.

"Uso wa mtu mwenye hasira ni uleule," anasema. "Hauhitaji kamusi."

Aliingia ukumbi huu kwa mlango wa nyuma, akiwa mfagiaji. Msimulizi wa wakati huo, Eustache, alipokaukiwa sauti kwa mafua, watu walikuwa wameshakaa. Béatha alikuwa ameisikia ile filamu mara kadhaa akiwa na ufagio mkononi. Alichukua kipaza sauti, akaimaliza. Eustache alipohamia Rebero kuanza biashara nyingine, alimwachia rimoti na sharti moja: usimsimulie mtu filamu ambayo wewe mwenyewe hujaiona mpaka mwisho.

Wiki hii sharti hilo limevunjika. Flashi yenye filamu ilimfikia Jumamosi alasiri, wakati kwaya ya parokia ilikuwa ikimsubiri mazoezini. Aliitazama filamu mpaka katikati, akaona ngumi, magari na risasi, akaridhika.

"Nilidhani nusu ya pili ni ngumi zilezile," anasema.

Jumapili hii si ya kuchezea. Ng'ambo ya barabara umefunguliwa ukumbi wa kuonyesha mpira, na kelele za magoli zinasikika mpaka kwenye benchi la mbele. Melchior, mwenye ukumbi, alishamwambia Béatha wazi kwamba mabenchi yakibaki matupu tena leo, siku ya Jumapili itapewa mpira. Mpira hauhitaji msimulizi. Kwa Béatha Jumapili ndiyo siku yenye watu, na ndiyo inayomlipia binti yake Ariane shule.

Filamu yenyewe Melchior aliichagua kwa ajili ya picha ya jalada: jeshi la maroboti likishuka kutoka mawinguni. Ndani ya filamu maroboti hayo yamepangwa ghalani kama magunia ya saruji. Watu wanangoja yawashwe. Hakuna anayeyawasha.

Kisha, katikati ya filamu, Mutsinzi anapigwa risasi na kuanguka mtoni.

Ukumbi umetulia. Hakuna mwenye wasiwasi. "Anaogelea chini chini," mtu ananong'ona nyuma. Lakini picha inayofuata inaonyesha mwili ukitolewa majini. Unafunikwa shuka. Unazikwa.

"Mama Ariane," anaita Ismaël, fundi wa pikipiki ambaye hukaa benchi la pili kila Jumapili. "Stelingi hafagi. Huyu wako iko wapi sasa?"

Ukutani, madaktari wenye makoti meupe wamekaa kwenye chumba cha vioo wakizungumza. Wanazungumza muda mrefu. Mlangoni Melchior anazungusha kidole hewani. Maana yake kila msimulizi anaijua: ongeza.

Wasimulizi huita kazi hiyo kutia chumvi. Filamu ikipooza, unaweka utani, unamsema daktari kwa tai yake, unataja bei ya viazi. Wengine wangesema Mutsinzi bado anapumua kaburini, au kwamba moyo wake umewekwa ndani ya roboti. Nani angewabishia? Kikorea hakuna anayekijua.

"Chumvi naweka, na sioni dhambi," Béatha anaeleza baadaye. "Lakini maiti siifufui. Hiyo kazi ina mwenyewe."

Anasimamisha filamu na kuwasha taa.

"Ndugu zangu, nimekosea," anasema. "Mutsinzi amekufa kweli. Si yeye stelingi. Nani ni stelingi, sijui, kwa sababu nusu hii sikuitazama. Anayetaka kubaki abaki, tuitazame pamoja."

Kicheko kinapasuka.

"Kumbe na wewe umekuja kutazama," anasema Ismaël. "Basi lipa kiingilio kama sisi."

Mabenchi ya nyuma yananyanyuka. Wanaotoka wanavuka barabara moja kwa moja kuelekea kwenye mpira, na Melchior anawasindikiza kwa macho. Béatha anazima taa na kuendelea, sasa kwa sauti ya chini, akisoma tu kilichoandikwa.

Ni Joselyne, anayeuza sokoni dagaa waitwao sambaza, anayemkatiza. Anauliza kama yule mama mwenye ndoo, anayepiga deki nyuma ya madaktari, si ndiye aliyekuwa darajani wakati wa moto.

Béatha anarudisha filamu nyuma. Kweli, nyuma ya moshi, amesimama mwanamke mwenye sare ya bluu na ndoo. Ukumbi mzima unainama mbele.

"Mpe jina," anasema Ismaël.

"Kabagwira," Joselyne anajibu kabla ya msimulizi.

Kuanzia hapo watu hawasikilizi madaktari tena. Wanamtafuta Kabagwira. Anapita koridoni na tambara. Anaokota vikombe wakati wakubwa wanataja mahali walipomficha yule msichana. Hasemi neno hata moja. Mwishoni polisi wanavamia jengo, na filamu haielezi ni nani aliyewaita. Katika vurugu hiyo Kabagwira anafungua mlango wa nyuma kwa funguo zake za usafi, anamshika msichana mkono, wanatoka. Majina ya Kikorea yanaanza kupanda ukutani. Maroboti yako palepale ghalani.

Nje, wote wanakubaliana kwamba filamu ni mbaya. Ismaël anasema ameshaona video za harusi zenye vita vingi kuliko hiyo. Lakini haendi nyumbani, wala wenzake hawaendi. Wamesimama mlangoni wanabishana: Kabagwira ndiye aliyewaita polisi, au hakuwaita? Joselyne anasema Kabagwira alipopeleka vikombe jikoni kulikuwa na simu mezani. Ismaël anasema hakuna simu. Nusura waape.

Melchior anawasikiliza kwa muda, kisha anawauliza wanataka awaletee filamu gani.

"Irudie hiyohiyo," anasema Ismaël. "Lakini Mama Ariane, anza na yule wa ndoo."

Melchior si mtu wa maneno mengi. Anamwambia Béatha kwamba Jumapili ijayo mechi kubwa itachezwa saa kumi na mbili, na mpira utaonyeshwa humu. Saa tisa ukumbi ni wake, kwa Jumapili hiyo moja. Ya baadaye wataongea baadaye.

Kwa Béatha hiyo inatosha kwa sasa. Ana mpango wa kuitazama filamu yote nyumbani, mpaka majina ya mwisho, na kuangalia vizuri ile meza ya jikoni kama ina simu. Akiiona, atasema. Asipoiona, atanyamaza, watu wabishane.

"Mutsinzi nitamwacha afe vilevile," anasema. "Ila kwenye daraja nitawaambia watazame nyuma ya moshi. Namwomba Mungu umeme usikatike tu."

Anakunja waya wa kipaza sauti, anaweka flashi ndani ya pochi yenye rozari yake, na kuchukua ufagio. Ukumbi bado anausafisha mwenyewe.

"Stelingi," Joselyne anamwita kutoka mlangoni, akiinua beseni lake la sambaza, "usisahau chini ya mabenchi."