Kalitiveta ya Kasiva na Nyayo za Wenzake

Kasiva alikuwa na magoti mawili, na yote mawili yalikuwa yamegoma. Kutembea alitembea, kusimama alisimama, lakini kuinama kupalilia ndengu, yaani choroko, tangu asubuhi hadi saa nne, hapo magoti yalikataa katakata. Umri wake ulikuwa miaka sitini na mmoja. Sauti yake ilikuwa bado ya miaka ishirini, na hiyo ndiyo iliyomtia mashakani.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano, katikati ya Novemba, na mvua ilikuwa imenyesha Kambu kwa fujo kiasi kwamba magugu yalikuwa yakiota hadi mlangoni mwa kanisa. Akina mama wa mwethya walikuwa wamekaa hapo nje wakipanga zamu za palizi. Mwethya ni kikundi cha kulimiana: leo akina mama wote kumi na wanne wako kwangu, kesho wako kwako, na kila mmoja hupewa kipande chake cha mistari akimalize kabla ya chai. Asiyelima kwa wenzake halimiwi. Wavinya, mwenyekiti, alikuwa akisoma majina kutoka daftarini. Alipofika kwa Kasiva, akakohoa.

"Mama Kisilu," alisema kwa adabu, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, "sisi tumeona wewe upumzike kidogo. Utakuwa upande wa kupika. Shamba lako tutakuja tu, usijali."

Kasiva aliijua sana hiyo "tutakuja tu". Mama wa kupika hulimiwa mwisho, kwa huruma, wakati magugu yameshaipita ndengu kwa urefu. Hata hivyo si hilo lililomuuma. Lililomuuma ni mstari wenyewe. Miaka thelathini na mitatu alikuwa amesimama kwenye mstari na wenzake, bega kwa bega, akiimba, akitania na kutaniwa. Habari zote za Kambu zilizaliwa kule mistarini. Jikoni zilifika zimepoa, tena nusu yake zimeshaliwa njiani.

"Sipiki," alisema. "Nitakuja na punda. Yeye ndiye atapalilia kipande changu."

Wakamtazama. Kisha Kalunde, mwanamke mrefu, mpana, mwenye kicheko cha kuamsha jirani, akauliza, "Punda atashika jembe na mkono gani?"

"Nitamtengenezea jembe lake."

Ukweli ni kwamba jambo hilo Kasiva hakuwa amelifikiria hata dakika moja. Lilimtoka tu, na likishatoka halikurudi. Akina mama walicheka hadi mmoja akalala chali kwenye nyasi. Wavinya peke yake hakucheka, maana mwenyekiti akicheka daftari linakosa heshima.

"Sawa," alisema. "Jumatatu tuko kwa Katunge. Ukimaliza kipande chako bila kung'oa ndengu ya mwenyewe, unabaki kwa mstari. Iking'oka, unaenda jikoni, na hatutaongea hiyo maneno tena."

Kasiva alirudi nyumbani akitembea upesi kuliko magoti yalivyomruhusu. Punda wake alikuwa chini ya mti, akitafuna gunia. Aliitwa Sekretari, kwa sababu hakukuwa na mkutano wa akina mama aliowahi kuukosa. Kasiva alifungua leso yake akampima nayo makalio. Ng'ombe wawili wa plau hawawezi kupita kati ya mistari ya ndengu bila kuikanyaga, lakini Sekretari alikuwa mwembamba, mwenye miguu inayofuatana vizuri. Angepita na nafasi ikabaki. Kasiva akaanza kucheka peke yake pale uwanjani.

Usiku hakupika chochote cha maana. Alichana mfuko wa simenti, akachukua kipande cha mkaa, akachora. Gurudumu moja mbele, la kuzuia chombo kisizame. Jembe dogo moja katikati, na mengine mawili nyuma yake, moja kila upande. Mishikio miwili ya kushika akiwa amesimama wima, asiiname hata kidogo. Alichora, akafuta kwa kiganja, akachora tena, hadi uso wake ukawa mweusi kama wa muuza makaa.

Asubuhi alikuwa kwa Kyule, fundi wa kuchomelea pale kando ya barabara kuu. Kyule aliigeuza ile karatasi juu chini.

"Mwaitu, mama yangu, hii ni kitanda?"

"Ni kalitiveta ya punda, ya kupalilia."

"Lakini mimi natengenezanga mageti."

"Basi nitengenezee geti yenye gurudumu."

Kyule alikuna kichwa. Kisha akaenda nyuma ya kibanda akarudi na gurudumu la wilbaro, halafu springi ya lori iliyovunjikia pale Kambu, na kufikia saa sita alikuwa ameshikwa na wazimu uleule wa Kasiva. Alikata majembe kutoka kwenye springi. Alishona ukanda wa kifuani kwa siti belti kuukuu, akaufunika kwa gunia ndani usimchubue punda. Na kwa kuwa mkono wake ulikuwa umezoea mageti, alipomaliza, mishikio ilikuwa na maua mawili ya chuma na ncha za mkuki, zimepakwa rangi ya dhahabu. Kasiva aliona ni sawa kabisa. Kitu kizuri kina haki ya kupendeza.

Wakaenda kuijaribu nyuma ya nyumba yake, kwenye kijishamba alichokipanda kwa mkono wake mwenyewe. Mara ya kwanza kalitiveta ilirukaruka juu ya udongo kama mbuzi. Wakafunga jiwe juu yake. Mara ya pili ikazama, na Sekretari akasimama, akageuka nyuma, akamtazama Kasiva kwa masikitiko makubwa. Wakashusha gurudumu kidogo. Mara ya tatu, eh! Ikateleza. Magugu yalilala kushoto na kulia, ndengu ikabaki imesimama, na Kasiva akawa anatembea nyuma yake wima, amenyooka, akipiga vigelegele peke yake. Kyule alivua kofia akaitupa juu. Ilitua mgongoni mwa punda na hakuna aliyejali.

Jumatatu, basi. Shamba la Katunge lilikuwa limeteremka taratibu kuelekea korongoni, kijani kibichi, na akina mama wote walikuwa wameshika majembe lakini hakuna aliyekuwa akilima. Walikuwa wanangojea sinema. Sekretari alifika amevalishwa kikapu mdomoni asile ndengu ya watu, nyuma yake geti linalotembea.

"Aiya! Imekuja na maua!" Kalunde alipiga kelele.

Kasiva alipewa kipande chake. Mstari wa kwanza ulikwenda safi. Wa pili safi. Wa tatu, akina mama wakaanza kuimba. Wa nne, Wavinya mwenyewe alionekana akitabasamu upande mmoja wa mdomo. Kwenye mstari wa tano, bila onyo lolote, ndengu ikaanza kuruka. Mche mmoja, miwili, mitano, huku na huku, mizizi juu. Kasiva alivuta hatamu, akapiga kelele, Sekretari akasimama. Miche kumi na mmoja ilikuwa imelala.

Nyimbo zikakatika. Kasiva alijua neno linalofuata ni jikoni. Lakini alipoangalia chini alishangaa. Jembe lilikuwa mahali pake. Mstari ndio uliokuwa umesogea. Akaweka unyayo wake katikati ya mistari miwili, akapima mmoja na nusu, kipimo chao cha kupanda, na ile nusu haikupata pa kukaa.

"Hapa alipanda nani?" aliuliza.

Halafu sauti ndogo ikasema, "Ni mimi. Kwani iko nini?" Alikuwa Katunge, mwenye shamba, mwanamke mfupi mno ambaye viatu vyake vya kanisani alivinunua upande wa watoto.

"Vua kiatu."

Katunge alivua. Kasiva naye akavua, wakasimamisha miguu sambamba. Ule wa Katunge uliishia pale vidole vya Kasiva vilipoanzia. Mtu akaguna. Kalunde akasema, "Ngoja," akavua chake, akaweka mguu. Akina mama wakapiga ukelele. Mguu wa Kalunde uliwapita wote wawili na bado ulikuwa unaendelea.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, kwa uzuri. Wote kumi na wanne walivua viatu wakapanga miguu kwenye udongo tifutifu, wakisukumana, wakishikana mabega wasianguke, wakichekana visigino na vidole gumba. Afisa wa kilimo alikuwa amewafundisha zamani sana kwamba ndengu hupandwa kwa nafasi ya unyayo mmoja na nusu. Hakusema unyayo wa nani. Miaka yote hiyo walipandiana pia kwa mwethya, kila mama akipanda mistari yake kwa mguu wake, akiamini unyayo ni unyayo, na shamba zima lilikuwa limepandwa kwa vipimo kumi na vinne. Kalunde alicheka hadi akaketi. Chai iliungua na hakuna aliyekwenda kuiepua.

Wavinya alifunga daftari. "Lakini ndengu imeng'oka," alisema, na kicheko kikapungua. "Tulikubaliana."

Katunge, bado mguu mmoja uchi, akajitokeza mbele. "Hii ndengu ni yangu, na mguu umeleta shida ni wangu. Mpeeni mpaka Alhamisi."

Wavinya aliwatazama wote mmoja mmoja. Akafungua daftari, akaandika Alhamisi.

Kasiva alikata kamba za urefu wa kila mguu, kumi na nne, akazivaa mkononi, akamfikia Kyule akihema. Kyule alizipanga mezani. Aligundua kwamba nyayo kadhaa zililingana, na kwamba matundu matano yangewatosha wote. Kwa hiyo akatoboa matundu matano kila upande, ili yale majembe mawili ya nyuma yaweze kusogezwa ndani au nje na kufungwa kwa pini. Akina mama wawili waliokuwa hawajasalimiana tangu Pasaka walijikuta wamepewa tundu moja. Kasiva alifurahia hilo kwa siri njia nzima ya kurudi nyumbani.

Alhamisi, tena kwa Katunge, hakuna aliyejifanya kulima. Walimfuata kama harusi.

"Alipanda nani?" Kasiva aliita.

"Wavinya!"

Pini ikaingia. Sekretari akatembea, mstari ukaisha.

"Na huu?"

"Katunge! Tundu la ndani kabisa!"

"Na huu?"

"Kalunde! Fungua geti yote!"

Wakaenda hivyo, wakiitana majina, wakikimbia pembeni ya punda, wanawake wazima wenye wajukuu, leso zikiwadondoka. Wale wa Pasaka waligombania kusogeza pini yao na kabla hawajajua walikuwa wanaongea. Jua lilikuwa bado upande wa asubuhi Kasiva alipofika mwisho wa kipande chake. Wavinya alikipitia chote, mstari kwa mstari, mikono nyuma. Mahali pamoja aliinama, akaokota mche uliong'oka, na akina mama wakasogea kuangalia. Akaugeuza geuza. Ulikuwa gugu.

Kelele zilizopigwa hapo zilisikika barabarani. Kasiva alikuwa akicheka na machozi yanamtoka, na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa imeng'ang'ania yale maua ya chuma na haikutaka kuachia. Mstari ulikuwa wake. Alisema kwa sauti, "Niko kwa mstari," na hakuna aliyempinga.

"Lakini," alisema Wavinya, "msimu ujao tupande na kijiti cha kipimo kimoja. Punda asisimame kila saa."

"Cha mguu wa nani?" mtu aliuliza, na ubishi ukawaka. Wa Kalunde utamaliza shamba. Wa Katunge utasonga ndengu. Kila mmoja alianza kuvua kiatu. Wavinya hakubishana. Alikata tawi kwa panga, akatembea moja kwa moja hadi alipokuwa Kasiva, na yeye, mwenyekiti, akapiga magoti kwenye udongo mbele yake.

"Vua, mwaitu."

Kasiva alivua. Mguu wake ulikuwa na vumbi na visigino vilivyopasuka, na alitaka kuuficha. Wavinya aliushika kwa mkono, akakilaza kijiti pembeni, akapima mmoja, kisha nusu, akatia alama kwa ukucha. Nyuma yake akina mama walikuwa tayari wanavunja matawi, kila mtu lake, wakipanga foleni.

"Usisogeze mguu," Wavinya alisema. "Tunakata cha kila mtu kwa mguu huu."