Taa ya Chumba cha Baba

Paneli ya baba ilikaa juu ya choo. Nyumba yetu pale Msambweni ilikuwa ya makuti, na fundi alikataa katakata kuipandisha huko. Mabati yalikuwa chooni tu. Majirani walitucheka, wakasema jua letu hutokea msalani. Baba alicheka nao, kisha akavuta waya hadi chumbani mwake, kwenye betri kuukuu ya lori, ili nipate taa ya kusomea mtihani wa kidato cha nne. Kila asubuhi alipanda ngazi akaipangusa paneli chumvi ya bahari. Sharti lake lilikuwa moja: betri isimalizwe nguvu, kwani ikilala kabisa haiamki.

Alifariki mtihani ukikaribia, mwaka ule wa mvua zisizokatika.

Kwetu, chumba alichooshewa marehemu hakiachwi gizani mpaka arobaini ipite. Shangazi alileta kandili. Mama, aliyekuwa ameanza kukaa eda, aliikataa. Alitaka taa ileile ya baba, iwake tangu magharibi hadi alfajiri. Hakutaka mtu asomee humo, nikahamia jikoni na vitabu vyangu na kandili ya shangazi, macho yakiniwasha kwa moshi.

Siku zikapita bila jua. Taa ikafifia, ikawa ya manjano, kisha nyekundu. Nilikuwa na hasira, sifichi. Nilimwonea choyo maiti. Usiku wa ishirini na moja, mama alipolala, niliingia peku, nikachomoa waya mmoja kwenye betri. Nilijiambia nitaurudisha jua likitoka.

Asubuhi mama aliniita. Hakufoka.

"Mwanangu, umeizima wewe?"

"La, mama. Betri imekwisha."

Aliigusa taa kwa kidole.

"Basi ameridhika," alisema. "Ameshakwenda zake. Alhamdulillahi."

Siku hiyo alikula wali akamaliza sahani, mara ya kwanza tangu mazishi.

Jua lilitoka wiki iliyofuata, kali, na waya sikuweza kuurudisha. Taa ingewaka, na mama angejua. Nikaendelea na kandili. Betri niliyotaka kuiokoa ikajifia pembeni polepole. Nilipoijaribu kwa siri baada ya mtihani, haikutoa hata cheche. Nililia, na mama akadhani namlilia baba. Nilikuwa namlilia yeye pia.

Siku hizi nyumba ni ya mabati, ina paneli tatu, na hata banda la kuku lina taa. Kila mwaka mama husoma hitima, si siku aliyokufa baba, bali usiku ule wa ishirini na moja, anaouita usiku wa kuagwa. Mimi ndiye mpishi wa pilau. Mara mbili nimefungua kinywa nimwambie, nikashindwa.

Mwaka jana aliniuliza kama nilisikia hatua za baba akitoka chumbani usiku ule. Nilimwambia nilizisikia. Zilikuwa zangu.